Maurice Strong: Mtu wa Mafuta Aliyeleta Hoja ya Mazingira Nairobi

Maurice Strong alikuwa mfanyabiashara wa Kanada aliyejipatia jina katika mafuta na umeme kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa siasa ya mazingira duniani. Ndiye aliyeongoza maandalizi ya mkutano wa kwanza mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, uliofanyika Stockholm mwaka 1972. Ndiye mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lililowekwa Nairobi. Na miaka 20 baada ya Stockholm ndiye aliyesimamia Mkutano wa Dunia wa Rio de Janeiro. Katika kazi zote hizo alitetea hoja moja: uchumi na mazingira haviwezi kutenganishwa, na nchi inayohesabu faida ya leo bila kuhesabu udongo, maji na afya inavyopoteza inajidanganya. Hoja hiyo ina uzito wa pekee kwa watu wanaoishi juu ya madini, kama wakazi wa Kakontwe, eneo la Likasi katika jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya shaba na kobalti.

Utoto wa dhiki

Strong alizaliwa tarehe 29 Aprili 1929 huko Oak Lake, mji mdogo wa jimbo la Manitoba. Miezi sita baadaye soko la hisa la New York lilianguka, na mdororo wa uchumi ukaenea dunia nzima. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alipoteza ajira, na familia ikaishi kwa shida miaka mingi. Mtoto alikuwa mwepesi wa masomo. Alirushwa madarasa, akamaliza shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka 14. Chuo kikuu hakukiona.

Aliondoka nyumbani mapema kutafuta kazi, akafanya vibarua melini, kisha akaajiriwa na Hudson's Bay Company, kampuni kongwe iliyokuwa ikinunua ngozi za manyoya kwa wawindaji. Ilimpeleka Chesterfield Inlet, kaskazini ya mbali ya Kanada, ambako aliishi miongoni mwa Wainuit na kujifunza lugha yao. Mwaka 1947 alipata kazi ndogo katika idara ya usalama ya Umoja wa Mataifa, uliokuwa na umri wa miaka miwili tu. Hakuwa na shahada, na kazi ile haikuwa na ngazi ya kupandia, kwa hiyo hakukaa sana. Hata hivyo, nia ya kurudi katika taasisi hiyo haikumtoka.

Alirudi Kanada akaingia katika biashara ya hisa. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Leduc, katika jimbo la Alberta, Februari 1947, na fedha nyingi zilikuwa zikimiminika huko. Strong alipelekwa Calgary kuchunguza hesabu za makampuni ya mafuta: lipi lina visima vya kweli, lipi lina maneno matupu. Jack Gallagher, mkuu wa kampuni ya Dome Petroleum, alimchukua kuwa msaidizi wake. Kijana huyo akajifunza kazi kutoka kwa mtu aliyeijua.

Nairobi kwa mara ya kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Strong aliacha nafasi hiyo na kwenda Afrika Mashariki. Aliajiriwa Nairobi na kampuni ya mafuta ya CalTex, na kazi yake ilikuwa kutafuta maeneo ya kujenga vituo vya mafuta. Kazi hiyo ilimtoa mjini na kumpeleka barabarani. Kenya wakati huo ilikuwa katika misukosuko: serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952 kupambana na Mau Mau, na kiini cha vita hivyo kilikuwa ardhi. Mgeni aliyekuwa akitafuta viwanja vya vituo vya mafuta alikuwa katika nchi ambayo watu walikuwa wakifa kwa ajili ya viwanja.

Katikati ya muongo huo alirejea Calgary. Alirudi Dome, kisha akaanza kununua na kufufua makampuni ya mafuta na gesi yaliyodhoofika. Kabla ya kufika umri wa miaka 40 alikuwa rais wa Power Corporation of Canada, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa na mkono katika sekta nyingi za uchumi wa nchi hiyo. Pembeni ya biashara alijitolea katika chama cha vijana cha YMCA, jambo lililomweka karibu na watu wa nchi zilizokuwa zikipata uhuru.

Mwaka 1966 waziri mkuu Lester Pearson alimwomba aongoze ofisi ya serikali ya misaada ya nje. Strong alikubali, ingawa mshahara wa serikali haukukaribia kipato alichokuwa nacho. Mwaka 1968 ofisi hiyo iligeuzwa kuwa Shirika la Maendeleo ya Kimataifa la Kanada, CIDA. Kutoka hapo, mfanyabiashara alikuwa amekwisha kuwa mtumishi wa umma.

Hofu ya nchi maskini

Wazo la mkutano wa dunia juu ya mazingira lilitolewa na Sweden mwaka 1968. Nchi za viwanda zilikuwa zimeanza kuona gharama ya ukuaji wao: mito iliyokufa, hewa yenye sumu, dawa za wadudu katika chakula. Nchi zilizotoka kujipatia uhuru ziliona jambo jingine. Ziliogopa kwamba matajiri, baada ya kujenga viwanda vyao kwa miaka 150 bila kujali moshi, sasa walikuwa wakitafuta kisingizio cha kuwazuia wengine wasijenge vyao. Zilikuwepo sauti za kutaka mkutano ususiwe.

Strong aliteuliwa kuwa katibu mkuu wa mkutano huo mwishoni mwa mwaka 1970. Aliitambua hofu hiyo kuwa ya haki, akaifanya kuwa kazi yake ya kwanza. Juni 1971 alikusanya wataalamu wa uchumi na mazingira, wengi wao kutoka nchi zinazoendelea, katika kijiji cha Founex karibu na Geneva. Ripoti ya Founex ilibadilisha namna ya kusema. Ilieleza kwamba katika nchi tajiri uharibifu wa mazingira hutokana na ukuaji, lakini katika nchi maskini mara nyingi hutokana na ukosefu wa maendeleo wenyewe: maji machafu, makazi mabovu, magonjwa, mashamba yaliyochoka. Kwa hiyo maendeleo ni sehemu ya dawa, mradi yapangwe kwa kuangalia mbele.

Strong alisafiri pia kuwashawishi viongozi ana kwa ana. Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, alikubali kuja, na hotuba yake Stockholm ndiyo iliyouweka umaskini katikati ya mjadala. Muungano wa Kisovieti na wengi wa washirika wake hawakuja, kwa sababu ya mzozo juu ya nafasi ya Ujerumani Mashariki. China ilikuja.

Mkutano ulifanyika kuanzia tarehe 5 hadi 16 Juni 1972, na nchi 113 zilihudhuria. Ulitoa azimio lenye kanuni 26 na mpango wa utekelezaji wenye mapendekezo 109. Kanuni ya 21 ilisema kwamba nchi ina haki ya kutumia mali asili zake, lakini ina wajibu wa kuhakikisha kwamba shughuli zake haziharibu mazingira ya nchi nyingine. Siku ya kufunguliwa kwa mkutano, tarehe 5 Juni, ndiyo Siku ya Mazingira Duniani inayoadhimishwa hadi leo.

Makao makuu barani Afrika

Tarehe 15 Desemba 1972 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda UNEP. Palikuwa na swali la mahali. Mashirika yote makubwa ya Umoja wa Mataifa yalikuwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na wengi walidhani hili nalo litakwenda Geneva au New York. Kenya, kwa juhudi za balozi wake katika Umoja wa Mataifa, Joseph Odero-Jowi, iliwaunganisha wajumbe wa nchi zinazoendelea, na kura zikaipa Nairobi ushindi. Ikawa mara ya kwanza kwa makao makuu ya chombo cha Umoja wa Mataifa cha dunia nzima kuwekwa katika nchi inayoendelea.

Strong aliteuliwa kuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza. Hivyo alirudi katika mji aliowahi kuutafutia CalTex viwanja, safari hii akiwa mgeni wa serikali huru. Ofisi za mwanzo zilikuwa katika jengo la mikutano la Kenyatta katikati ya jiji, kisha shirika likahamia Gigiri. Fedha zilikuwa chache: mfuko wa hiari uliopangwa kufikia dola milioni 100 katika miaka mitano. Kwa hiyo Strong hakujenga shirika la kutekeleza miradi mikubwa. Alijenga kitovu cha kukusanya taarifa, kuamsha mashirika mengine na kuandaa mikataba. Mwaka 1974 ulianza mpango wa bahari za kanda, uliowaleta pamoja majirani wanaogawana bahari moja, hata waliokuwa na uhasama.

Katika miaka hiyo ya Nairobi fikra zake zilipata umbo. Alieneza wazo la maendeleo yanayoanzia katika mazingira ya mahali penyewe: kila eneo litumie udongo, mimea, maji na ujuzi wake bila kuiga njia ya nchi tajiri. Oktoba 1974 UNEP na Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, yaliitisha kongamano Cocoyoc, Mexico. Azimio lake lilitaja mipaka ya aina mbili. Upo mpaka wa chini, yaani mahitaji ya lazima ambayo hakuna binadamu anayepaswa kuyakosa. Upo na mpaka wa juu, yaani uwezo wa dunia kustahimili. Maendeleo ya haki ni yale yanayokwenda kati ya mipaka hiyo miwili.

Kuwapo kwa UNEP Nairobi kulizaa mambo nje ya ofisi zake. Mwaka 1974 kilianzishwa kituo cha kuunganisha vyama vya kiraia na shirika hilo, na Wangari Maathai alikuwa mmoja wa Wakenya walioshiriki katika uongozi wake. Tarehe 5 Juni 1977, katika Siku ya Mazingira Duniani, Maathai na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo ulipoanzia Mwendo wa Ukanda wa Kijani, uliompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Kinshasa na hati ya maumbile

Kongo nayo ina nafasi katika historia hii. Septemba 1975, nchi ikiitwa Zaire, Muungano wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile, IUCN, ulifanya mkutano wake mkuu Kinshasa. Rais Mobutu Sese Seko alipendekeza hapo kuwe na hati ya dunia ya kulinda maumbile. Zaire iliipeleka hoja hiyo Umoja wa Mataifa, na tarehe 28 Oktoba 1982 Baraza Kuu likapitisha Hati ya Dunia ya Maumbile kwa kura 111. Nchi 18 hazikuegemea upande wowote, na Marekani peke yake ilipinga.

Hati hiyo ilisema kwamba kila kiumbe kina thamani hata kama hakimfaidii binadamu, na kwamba maeneo yaliyoharibiwa na shughuli za watu yarekebishwe. Utawala ulioipendekeza haukuitimiza nyumbani, lakini maneno yake yalibaki. Strong alipoanzisha harakati ya Hati ya Dunia pamoja na Mikhail Gorbachev mwaka 1994, hati ya mwaka 1982 ilikuwa moja ya mawe ya msingi. Hati ya Dunia ilizinduliwa The Hague Juni 2000. Katika tume iliyoisimamia walikuwemo Amadou Toumani Touré wa Mali na Wangari Maathai.

Kutoka Petro-Canada hadi Rio

Strong aliondoka UNEP mwishoni mwa mwaka 1975 na kumwachia uongozi Mostafa Tolba wa Misri. Waziri mkuu Pierre Trudeau alimpa kazi iliyowashangaza wanamazingira: kuanzisha Petro-Canada, kampuni ya mafuta ya taifa. Strong hakuona mgongano. Kwake, nishati ilikuwa ndipo mahali ambapo uamuzi wa mazingira hufanyika kwa vitendo, na asiyekaa katika meza hiyo huachiwa hotuba tu. Wakosoaji walisema kwamba mtu hawezi kuhubiri dunia safi huku akichimba mafuta. Mabishano hayo yalimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1984 njaa ilipoikumba Ethiopia, Sudan na nchi nyingine za Afrika, Umoja wa Mataifa ulimwita kuratibu ofisi yake ya dharura kwa bara hilo. Wakati huohuo alikuwa mjumbe wa Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 1987 ndiyo iliyoeneza maana inayotumika sana ya maendeleo endelevu: yale yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watoto wa kesho uwezo wa kutosheleza yao. Njia ya kutoka Founex hadi ripoti hiyo ni moja, na Strong aliipita yote.

Kilele kilikuwa Rio de Janeiro, tarehe 3 hadi 14 Juni 1992. Serikali 172 zilishiriki, na wakuu 108 wa nchi na serikali walifika. Strong, akiwa katibu mkuu, alifungua milango kuliko ilivyokuwa kawaida ya Umoja wa Mataifa: wawakilishi wapatao 2,400 wa vyama vya kiraia waliingia mkutanoni, na watu 17,000 wakahudhuria kongamano la kando. Aliwaita na wafanyabiashara. Tangu mwaka 1990 alikuwa amemwomba Stephan Schmidheiny, tajiri wa viwanda wa Uswisi, awakusanye wakuu wa makampuni waseme nao watafanya nini.

Rio ilizaa Azimio lenye kanuni 27 na Ajenda 21, mpango wenye sura 40. Mikataba miwili ilifunguliwa kwa kutiwa saini: wa mabadiliko ya tabianchi, na wa bioanuwai, ambao maneno yake yalikubaliwa Nairobi tarehe 22 Mei mwaka huohuo. Kushindwa kwake kulikuwa katika fedha. Ofisi ya Strong ilikadiria kwamba Ajenda 21 ingehitaji zaidi ya dola bilioni 600 kwa mwaka katika nchi zinazoendelea, bilioni 125 kati ya hizo zikiwa msaada kutoka nje. Nchi tajiri hazikutoa kiasi kinachokaribia hicho.

Lawama na miaka ya mwisho

Baada ya Rio, Strong aliongoza Ontario Hydro, kampuni ya umeme ya jimbo la Ontario, hadi mwaka 1995. Aliikuta na madeni makubwa, akapunguza maelfu ya wafanyakazi. Baadaye alimsaidia katibu mkuu Kofi Annan katika mageuzi ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2000 akachapisha kumbukumbu za maisha yake.

Mwaka 2005 sifa yake ilipata doa. Uchunguzi wa mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mafuta kwa Chakula nchini Iraki, ulioongozwa na Paul Volcker, ulionyesha kwamba mwaka 1997 Strong alipokea hundi ya karibu dola milioni moja kutoka kwa Tongsun Park, mfanyabiashara wa Korea Kusini, na fedha hizo zilikuwa zimetoka Iraki. Strong alisema hakujua asili yake, na kwamba ziliwekezwa katika kampuni ya familia yake. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, lakini aliacha kazi yake ya mjumbe wa Umoja wa Mataifa katika suala la Korea, na miaka iliyofuata akaishi zaidi Beijing. Alifariki tarehe 27 Novemba 2015 akiwa na umri wa miaka 86, siku tatu kabla ya kufunguliwa mkutano wa Paris juu ya tabianchi. Mkutano huo ulifanyika chini ya mkataba uliotiwa saini Rio.

Hoja yake mbele ya machimbo ya Kakontwe

Fikra za Strong zinaeleweka vizuri zaidi zikipimwa mahali penye kazi, na Kakontwe ni kipimo kizuri. Jina la eneo hilo limeingia katika vitabu vya jiolojia: tabaka la mawe ya chokaa linaloenea chini ya Katanga na kuvuka hadi Zambia huitwa mawe ya Kakontwe. Mawe hayo ni mali. Yakichomwa tanurini kwa joto la nyuzi zipatazo 900, hutoa chokaa, na chokaa haiepukiki katika viwanda vya shaba na kobalti. Madini ya Likasi huyeyushwa kwa tindikali ya salfa, na chokaa ndiyo inayopunguza ukali wa tindikali hiyo na kusaidia kutenga vyuma katika maji ya kiwandani. Shituru, penye mitambo ya Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, iliyorithiwa kutoka Union Minière du Haut-Katanga, haiwezi kufanya kazi bila chokaa.

Hesabu ya upande wa pili nayo ipo. Kila tani moja ya mawe safi ya chokaa inayochomwa hutoa takriban kilo 560 za chokaa. Kilo 440 zilizobaki hupaa hewani kuwa gesi ya kaboni dioksidi, bila kuhesabu moshi wa kuni, makaa au mafuta ya tanuru. Uchimbaji huacha shimo na vumbi. Mawe ya chokaa yana nyufa zinazopitisha maji upesi, kwa hiyo uchafu unaomwagwa juu yake hufika chini haraka kuliko katika udongo wa mfinyanzi. Lakini chokaa hiyohiyo, ikitumiwa ipasavyo, ndiyo inayoua tindikali katika maji machafu kabla hayajafika mtoni. Jiwe moja linaweza kuchafua na linaweza kusafisha. Kinachoamua ni kama gharama ya kusafisha imeingizwa katika hesabu ya kiwanda au imeachwa kwa jirani.

Katika Katanga imeachwa kwa jirani kwa muda mrefu. Maji machafu ya viwanda vya Likasi yamekuwa yakielekea bonde la Lufira na ziwa Tshangalele, ambako watu huvua samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha viwango vikubwa vya kobalti na vyuma vingine katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini vya jimbo hilo. Mwaka 2004, baada ya mgodi wa urani wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, kuporomoka Julai na kuua wachimbaji wa mikono, ujumbe wa UNEP na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu ulifika kuuchunguza. Shirika ambalo Strong alikuwa mkuu wake wa kwanza lilikuwa limefika hadi nje ya mji wa Likasi.

Kanuni za Rio zimeingia pia katika sheria za Kongo. Kanuni ya 16 inasema mchafuzi abebe gharama ya uchafuzi wake. Ya 17 inataka athari kwa mazingira zipimwe kabla mradi haujaanza. Ya 10 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa na kushirikishwa. Sheria ya Madini ya Julai 2002, inayohusu migodi pamoja na machimbo ya mawe, inadai mpango wa mazingira na dhamana ya fedha za kurekebisha ardhi. Sheria ya msingi ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 imeufanya upimaji wa athari kuwa wa lazima. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya Machi 2018 yameongeza kwamba makampuni ya madini yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka, na kwamba asilimia 10 ya mrabaha iende katika mfuko wa vizazi vijavyo. Lugha ya ripoti ya mwaka 1987 imekuwa kifungu cha sheria.

Kwamba machimbo ya mawe ya chokaa yanaweza kuponywa si ndoto. Mwaka 1971, Strong alipokuwa akiandaa Stockholm, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa. Palikuwa mwamba mtupu, mweupe, usio na udongo. Mivinje ilistahimili, jongoo wakala majani yake yaliyoanguka, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Leo pale pana msitu, mabwawa ya samaki na wanyama, na watalii hulipa kuingia. Mwaka 1987 UNEP ilimtia Haller katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Kiwanda kiliendelea kuzalisha saruji muda wote huo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na historia ya Strong ni ushahidi wa maneno hayo katika kipimo cha dunia. Hakuwa mtu asiye na dosari. Alipenda mno kuamini kwamba wenye fedha wakikaa meza moja na wanyonge watakuwa waungwana, na mara nyingi hawakuwa. Lakini hoja aliyoipeleka Stockholm na Rio ilikuwa sahihi: nchi maskini haihitaji kuchagua kati ya kazi na maji safi, na anayeiambia ichague anataka kuikwepa bili yake. Kwa wakazi wa Kakontwe na wa kila mji wa madini, hoja hiyo sasa ina nguvu ya sheria. Ni haki yao kuuliza mpango wa mazingira wa machimbo yao unasemaje, dhamana ya kurekebisha ardhi iko wapi, na asilimia iliyotengwa kwa jamii imefanya nini. Wasichoke kuuliza.